MBWA WA KUFUKUZA KINDI: MCHAGUE, MFUNZE, MCHANJE



Mvua za kwanza zikinyesha hapa Ufipa, kwa kawaida mwezi wa Novemba, sote tunashika majembe. Tunapanda mahindi. Baada ya siku chache tunakwenda shambani kuangalia kama yameota. Pengine tunakuta vishimo vitupu mstari mzima. Mbegu imefukuliwa, imeliwa.

Nani amekula? Wengine husema ni panya. Wengine husema ni kindi, yule mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya mengi. Wako wanaomwita kuchakulo. Kule uwandani, penye nyasi tupu, mwizi mkubwa ni panya. Kwenye miteremko ya kuelekea Kalambo na Ziwa Tanganyika, penye miti, kindi naye yumo.

Basi mkulima humwita mbwa wake. Hilo ni jambo jema. Mbwa ni mlinzi mzuri wa shamba. Lakini mbwa gani anafaa? Afunzwe namna gani? Na je, mbwa mwenyewe hawezi kutuletea hatari nyumbani? Leo tutazungumza juu ya mambo hayo.

KWANZA TUIJUE SHERIA

Kumfukuza mwizi shambani kwako ni jambo moja. Kuingia msituni na kundi la mbwa kuwinda ni jambo jingine.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba mnyamapori hawindwi bila leseni au kibali. Sheria hiyo pia inamtaja mbwa kati ya vitu visivyoruhusiwa kuwindia bila idhini. Kwa hiyo usiseme, "Kindi ni mdogo, nani atanikamata?" Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012. Ofisi haziko mbali. Kama kindi wamezidi shambani, nenda ukamwulize ofisa wanyamapori ufanye nini. Kuuliza si ujinga. Na msitu wa hifadhi, kama ule wa Mbizi karibu na Sumbawanga, usiingie na mbwa kabisa.

MBWA GANI ANAFAA?

Watu wengi hudhani mbwa mzuri ni mbwa wa Kizungu. Wakimwona mbwa wa polisi, mkubwa, mwenye manyoya mengi, wanamtamani. Lakini mbwa huyo ni mzito. Anakula sana. Kazi yake ni kushika watu. Kindi atakuwa juu ya mti kabla mbwa huyo hajageuza kichwa.

Huko Marekani watu wamewinda kindi kwa mbwa tangu zamani. Wana mbwa wadogo waitwao Feist, na wakubwa kidogo waitwao Mountain Cur. Neno hilo Cur maana yake ni mbwa asiye na ukoo wa kujivunia, kama sisi tunavyosema mbwa koko! Mbwa hao humnusa kindi, humfukuza mpaka apande mti, kisha hukaa chini ya mti na kubweka mpaka mwenye mbwa afike.

Tuje karibu na kwetu. Katika nchi ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuna mbwa wa kuwinda aitwaye Basenji. Ni mdogo. Masikio yake yamesimama, na mkia wake umejikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue yuko wapi. Miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua mbwa hao kwao, wakawalea, wakawazalisha. Leo watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kumpata Basenji. Kumbe asili yake ni mbwa wa kijijini, hapa hapa Afrika!

Basi tusimdharau mbwa wetu wa kienyeji. Yeye ni mwepesi. Amezoea jua letu na baridi ya Ufipa. Chakula chake si kingi. Pua yake ni nzuri. Anachokosa mara nyingi ni matunzo, wala si ukoo.

Ukitaka kuchagua mtoto wa mbwa, angalia mambo haya:

1. Mwangalie mama yake. Mama mwenye bidii shambani na asiyeuma watu ovyo huzaa watoto wa namna hiyo mara nyingi.

2. Chagua mwenye mwili wa wastani, miguu iliyonyooka, na macho maangavu.

3. Piga makofi kidogo. Yule anayeshtuka kisha akaja kuangalia ni nini, huyo anafaa. Anayekimbia na kujificha, mwache.

4. Usimtoe kwa mama yake mapema. Mwache anyonye mpaka afike wiki 8.

KUMFUNZA

Mtoto wa mbwa mpe jina fupi. Mwite kwa jina hilo kila unapompa chakula. Akija, msifu. Siku nyingine mwite bila chakula. Akija, msifu tena. Mbwa asiyeitika jina lake hafai shambani, maana hutaweza kumzuia.

Akifika miezi 4, anza kutembea naye shambani asubuhi. Mzoeshe kuku na mbuzi. Akiwakimbiza, mkataze hapo hapo kwa sauti kali. Usimpige baada ya saa nzima kupita. Mbwa hakumbuki kosa la asubuhi. Atajua tu kwamba wewe ni mtu wa kupiga.

Chukua kipande cha ngozi au kitambaa, kifunge kwenye kamba, kivute chini mbele yake. Akikifukuza, kipandishe juu ya tawi. Akibweka akiangalia juu, msifu sana. Kwa mchezo huo atajifunza kazi. Baadaye mtoe pamoja na mbwa mzee anayejua kazi. Mbwa hujifunza kwa mwenzake kuliko kwa bwana wake.

KAZI YA SHAMBANI

Kindi si kama panya. Panya wengi hutoka usiku. Kindi hutembea mchana. Asubuhi husubiri jua lipate joto kidogo, ndipo hutoka katika pango la mti. Kwa hiyo saa 2 mpaka saa 4 asubuhi ni wakati mzuri wa kuzunguka shamba na mbwa.

Kindi akiona hatari hulia kwa sauti kali na kutikisa mkia. Akifukuzwa hupanda mti na kujibanza. Ukienda upande huu wa mti, yeye huzunguka upande wa pili. Mtu mmoja anaweza kuzunguka mti mpaka achoke. Watu wawili wakisimama pande mbili, hana pa kujificha. Lakini kumbuka, shabaha yetu ni mbegu ziote. Kindi akiona mbwa kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, huhamisha matembezi yake. Mahindi yakishaota na kushika, mbegu haipo tena ya kufukuliwa.

Panya nao mbwa huwafukua katika mashimo. Fyeka nyasi za kando ya shamba, ili panya wasipate pa kujificha. Hapo mbwa atafanya kazi kwa urahisi.

Tunaomba mambo mawili yasifanyike. La kwanza ni kuchoma nyasi ili panya watoke. Moto huo huteketeza malisho, mizinga ya nyuki na mashamba ya wenzetu. Mwenye mbwa hana haja ya moto. La pili ni kutega sumu mahali mbwa anapopita. Mbwa akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa. Chagua moja: sumu au mbwa.

Na panya au kindi uliyemkuta amekufa mwenyewe, usimshike kwa mkono mtupu. Viroboto wake wanaweza kuleta ugonjwa wa tauni. Ukiona panya wengi wamekufa ovyo, toa habari zahanati.

MFUPA AMBAO HAUKUWA MFUPA

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa.

Katika darasa letu moja la elimu ya watu wazima alikuwako kijana aliyependa sana mbwa wake. Mbwa alikuwa hodari. Kila asubuhi walikuwa pamoja shambani. Siku moja mbwa alirudi amenyong'onyea. Taya la chini lilikuwa limelegea. Mate yalimtiririka. Alitaka kunywa maji, lakini hakuweza kumeza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kijana akasema, "Amekwamwa na mfupa wa kindi." Akamfungua mdomo, akatia mkono kutafuta mfupa. Hakuna mfupa. Jino lilimchubua kidole kidogo tu. Akapangusa damu kwenye suruali.

Siku hiyo hiyo mbwa huyo alimng'ata mtoto wa jirani mguuni. Mama wa mtoto hakungoja. Aliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Akampakia mtoto kwenye baiskeli ya shemeji yake mpaka kituo cha afya. Mtoto alidungwa sindano, akarudi tarehe zote alizoandikiwa. Mbwa alikufa siku ya tatu.

Tulimwambia kijana naye aende. Akajibu, "Mimi sikung'atwa. Nilichubuka tu." Nasi hatukumsukuma vya kutosha. Tunakiri kosa hilo. Mwezi wa pili ulipokwisha, alianza kusikia ganzi na kuwashwa katika kidole kile. Kisha homa. Kisha akashindwa kunywa maji. Akiona kikombe anashtuka. Alikufa. Alikuwa amejifunza kusoma kwa miezi minane. Jina lake bado limo katika daftari letu la mahudhurio.

Yule mtoto wa jirani yuko shuleni.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Ni ugonjwa unaoletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kung'atwa, au kwa mate kugusa mchubuko. Kisha hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi 2 au 3. Katika muda huo mtu haoni dalili yoyote. Dalili zikishatokea, karibu kila mtu hufa. Si uchawi, wala si laana.

Wengi hudhani mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali. Hapana. Wako wanaokimbia ovyo na kuuma hata vijiti. Lakini wako wanaopooza, wakatulia, taya likalegea, kama waliokwamwa na mfupa. Hao ndio wanaotudanganya.

Inakadiriwa kwamba duniani watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao wako Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Panya na kindi ni nadra sana kuwa nao. Kwa hiyo wa kuangaliwa zaidi ni mbwa.

Dawa ya kinga ipo tangu zamani. Mwaka 1885 huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimdunga sindano mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akapona. Leo sindano ni bora kuliko zile za wakati huo.

TUFANYE NINI?

1. Mchanje mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Mwulize bwana mifugo siku ya chanjo. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kijijini. Tunza cheti. Sasa unajua kusoma. Isome tarehe mwenyewe.

2. Ukiona mbwa ametoka mate, au taya limelegea, usitie mkono mdomoni. Ita bwana mifugo.

3. Ukiumwa au ukichubuliwa, hata kidogo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake jivu wala mafuta.

4. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa.

5. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Lakini wewe usingoje siku hizo. Nenda kadunngwe kwanza.

Jamani, mwindaji hodari hukagua mkuki wake kabla ya kutoka. Mwenye mbwa naye akague cheti cha chanjo kabla ya kumfungua mbwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu tiba ya baadaye haipo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu mbwa wangapi wana cheti cha chanjo?
2. Kwa nini yule kijana hakwenda kituo cha afya? Ungekuwa jirani yake, ungemwambia nini?
3. Ni nani atakayemwona bwana mifugo kuuliza siku ya chanjo? Andikeni jina lake na tarehe.