Swali la Mpemba

Juu ya Rau na mji wa Moshi, penye migomba na mibuni, kimejengwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka. Mwaka 1969 mwanafunzi wa chuo hicho, Erasto Mpemba, alichapisha makala ya fizikia katika jarida la Uingereza, Physics Education, pamoja na Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam.

Jambo lenyewe lilianza mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, ambayo hupozwa kwanza ndipo yatiwe katika jokofu. Siku moja Mpemba, akichelea kukosa nafasi, aliyatia yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, alidhihakiwa kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu bali ni ya Mpemba.

Osborne alipoitembelea Mkwawa, kijana aliuliza tena: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo ukiwa sawa, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli. Akaongeza kuwa watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Ni wangapi kati yetu tusiofanya hivyo?

Sababu zilizotajwa ni nyingi: maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke, tena huzunguka, ya moto yakipanda juu na kupoteza joto upesi. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, hawakupata ushahidi wa kutosha katika maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walionyesha tabia kama hiyo katika chembe ndogo mno iliyozama majini.

Jaribio hili lawezekana hata Rau, kwa jokofu la dukani, ingawa maji huchemka huko kwenye nyuzi 97 hivi kwa sababu ya mwinuko. Vyombo vilingane, na kipimajoto kikae kina kile kile. Kabla ya kuanza, iamuliwe "kuganda" ni nini: kufika nyuzi 0, kuonekana barafu ya kwanza, au maji yote kuwa barafu? Kila jibu laweza kutoa mshindi tofauti.