Fahamu: Memcpy, memmove na neno moja la mwongozo

Mwongozo wa lugha ya C ukisema "haishauriwi" kutumia memcpy, funksheni ya kunakili data, pale sehemu mbili za kumbukumbu zinapoingiliana, unahitaji kurekebishwa. Hairuhusiwi kabisa.

Tatizo liko wapi?

Chukua programu ya stoo ya duka la Kariakoo yenye orodha hii: kanga, vitenge, mashuka. Mwenye duka anaongeza madera mwanzoni, hivyo kila jina lazima lisogee nafasi moja mbele. Kompyuta ikianza na jina la kwanza, kanga inaandikwa juu ya vitenge, kisha juu ya mashuka. Orodha nzima inakuwa kanga tupu. Ikianza na la mwisho, hakuna kinachopotea. Memmove, funksheni nyingine ya kunakili, huzingatia mwelekeo huo. Memcpy haiahidi chochote.

Imewahi kuleta madhara?

Ndiyo. Mwaka 2010 maktaba ya glibc ya Linux ilibadilisha mpangilio wa kunakili, na sauti ya Flash Player ikaharibika kwenye mfumo wa Fedora 14. Toleo la 2.14 la glibc likaweka kinga kwa programu za zamani, na mwongozo wa Linux sasa unaonya waziwazi.

Ukiandika mwongozo, sema "marufuku". Ukiwa na shaka, tumia memmove.