Mbio za Moyo Hazifanani

Ukipanda mawe ya mtaa wa Igogo kutoka barabarani hadi nyumba za juu kabisa mlimani, mapigo yako yanaweza kufika 140 kwa dakika, wala si ugonjwa. Moyo unaitikia kazi. Huitikia vivyo hivyo homa, upungufu wa damu na hofu. Mbio hizi hupanda taratibu na kushuka taratibu. Kinachotibiwa ni chanzo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mapigo yalikuwa mangapi, mimi huuliza yalianzaje. Wapo wanaojibu: “Daktari, nilikuwa nimekaa tu, moyo ukashtuka ukaanza kwenda mbio, kisha ukakata ghafla.” Hapo nakuwa nimeshapata nusu ya jibu. Mara nyingi umeme wa moyo umenaswa kwenye njia ya ziada, unazunguka. Mapigo hufika 150 hadi 220, yamepangika sawasawa. Huwapata hata vijana, na kwa kawaida huogopesha kuliko kudhuru. Kujikaza kama anayesukuma choo, kisha kulazwa chali haraka na kuinuliwa miguu, kunaweza kuukata mzunguko: katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, wagonjwa 43 kati ya 100 walitulia hivyo, dhidi ya 17 waliojikaza bila kulazwa.

Mapigo yanayokwenda ovyo, bila mpangilio wowote, ni habari nyingine. Ulaya huwa ni ya wazee. Kwetu huwapata pia vijana, wengi wao wanawake, ambao valvu zao ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo utotoni. Hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya moyo na bonge kupanda ubongoni. Hicho ndicho kiharusi.

Mapigo ninayoyaogopa zaidi huanzia vyumba vya chini vya moyo. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kila pigo hutanuka kupita vijisanduku vidogo vitatu, yaani sekunde 0.12. Mgonjwa kuongea vizuri kusikudanganye. Kama moyo wake uliwahi kuumia, mchukulie kuwa ni haya hadi ithibitike vinginevyo. Dawa ya verapamili, inayofaa kwa mbio za ule mzunguko, hapa inaweza kuua.

Anayezimia au kubanwa kifua aende Hospitali ya Bugando mara moja. Wengine, wahini kituo chenye ECG moyo ungali unakimbia. Ukishatulia, karatasi mara nyingi hutoka safi. Na mkiipata, ipigeni picha kwa simu.