Nafasi kumi za magari kwa mkahawa mmoja: namna Buffalo ilivyofuta sheria yake

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoanza kuondoka Gécamines kwa ule mpango wa « départs volontaires ». Pesa ilipokwisha, mama aliweka meza mbele ya parsele: mikate, chumvi, mafuta ya kupima kwa chupa ndogo. Meza ikazaa kioske, na kwa wenye bahati kioske ikazaa butike. Njo vile maduka mengi ya kartie zetu yalianza. Hakuna aliyekuja kumwuliza mama: mteja akifika na gari, ataliweka wapi?

Kule Marekani swali hilo liliulizwa kila siku, na jibu lake lilikuwa sheria. Ukitaka kufungua duka, mkahawa ao ofisi ya daktari, sharti uwe na nafasi kadhaa za kuweka magari ndani ya parsele yako, si kando ya barabara. Ukikosa nafasi, unakosa na ruhusa. Mwaka 2017 mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, ulifuta sharti hilo mji mzima, na ulikuwa mji mkubwa wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo.

Tunaleta habari hii juu ya mambo mawili. Buffalo ni mji wa kiwanda, sawa miji yetu. Pembeni yake, kule Lackawanna, kampuni ya Bethlehem Steel iliyeyusha chuma na kulisha maelfu ya jamaa, mpaka kazi kubwa ya kuyeyusha ikafungwa mwaka 1983. Mnamo 1950 Buffalo ilikuwa na watu karibu 580,000. Mwaka 2010 walibaki 261,000 hivi. Ninyi ambao muko kwenye migodi munajua mwenyewe maana ya hesabu ya namna hiyo: nyumba zinabaki bila watu, milango ya maduka inapigwa mbao. Jambo la pili ni kwamba wakimbizi wengi walipelekwa kuishi kule, na kati yao kuna ndugu zetu Wakongomani. Upande wa West Side leo unaweza kusikia Kiswahili barabarani.

Sharti lenyewe ni la zamani. Mji wa Columbus, kule Ohio, uliliweka mwaka 1923 kwa nyumba za kupangisha. Fresno ya California ikafuata mwaka 1939 kwa hoteli na hospitali. Kisha likaenea kama moto wa majani. Nia haikuwa mbaya. Magari yalikuwa yanaongezeka, barabara zilikuwa zimejaa, na wakubwa wa miji walifikiri kila mwenye jengo abebe mzigo wa magari yake. Buffalo yenyewe ilikuwa ikitumia sheria ya ujenzi ya mwaka 1953, ya wakati ambapo kila mtu aliamini kwamba kesho yote ni ya gari.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana njo humo ugonjwa ulijificha. Nafasi moja ya gari, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, inakula karibu mita 30 za mraba. Katika miji mingi ya Marekani mkahawa wa mita 93 za mraba uliombwa nafasi 10. Hizo ni mita 300! Yaani magari yanapewa uwanja mara tatu kuliko watu wanaokula. Profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kuonyesha jambo hili, na mwaka 2005 alitoa kitabu kinene juu ya gharama kubwa ya parkingi ya bure. Neno lake tunaweza kulisema kwa lugha yetu: parkingi ya bure hailipwi na mwenye gari, inalipwa na kila mtu. Gharama ya ule uwanja iko ndani ya kodi ya duka, na kodi iko ndani ya bei ya mkate. Mama anayekuja kwa miguu anamlipia bwana anayekuja na jipu. Na kule Buffalo, zaidi ya robo ya nyumba hazina gari hata moja.

Mji ulioumia zaidi kwa sharti hilo ni mji wa kale. Barabara kama Grant, Elmwood na Hertel zilijengwa wakati watu walikuwa wanapanda tramu: maduka yameshikana ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia barabara, juu kuna vyumba vya kulala. Parkingi utaichimba wapi? Chini ya sheria za namna hii, duka la viatu likifungwa na mtu akitaka kulifanya mkahawa, hesabu inaanza upya. Atapaswa kununua jengo la jirani na kulibomoa, ao kwenda mbele ya kamati kuomba ruhusa ya pekee, pamoja na avoka na miezi ya kungoja. Mwenye pesa anangoja. Mtu aliyefika juzi na akiba ndogo hawezi.

Sheria mpya, inayoitwa Green Code, ilitiwa saini na meri Byron Brown mwanzoni mwa Januari 2017. Haikukataza parkingi, na watu wengi wanakosea hapo. Mwenye kujenga anaamua mwenyewe anahitaji nafasi ngapi. Majengo mapya makubwa bado yanaombwa mpango unaoeleza watu watafika kwa njia gani: basi, kinga, miguu ao gari.

Walioogopa hawakukosa sababu, na hatupendi kuwacheka. Mtu anayekaa nyuma ya barabara ya maduka anarudi kazini usiku, amechoka, anakuta mbele ya nyumba yake gari la mteja wa mkahawa. Katika mji wenye theluji kama ule, shida hiyo si ndogo. Shoup alikuwa na jibu: lipisha nafasi za kando ya barabara, kisha pesa ibaki palepale. Old Pasadena, kule California, ilifanya hivyo tangu 1993. Pesa ya mashine ilirudi kutengeneza njia za wenye miguu za mtaa uleule, na wenye maduka walioipinga mwanzoni wakaikubali. Siri ni kwamba watu waliona pesa yao kwa macho. Kama ingepotelea ku ofisi, tunafikiri wangeendelea kupinga, na sisi pia tungepinga.

Je, Buffalo ilibadilika? Watafiti wawili, Hess na Rehler, walichunguza miradi mikubwa 36 ya miaka ya kwanza. Karibu nusu, 47 kwa mia, ilijenga nafasi chache kuliko zile sheria ya zamani ingedai. Tofauti kubwa ilikuwa kwa majengo yanayochanganya maduka chini na nyumba juu: yalipunguza nafasi kwa zaidi ya nusu. Lakini majengo ya kazi moja tu yalipita hata kipimo cha zamani. Sheria iliondoka, mazoea yakabaki.

Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta Buffalo na watu 278,000 hivi, mara ya kwanza kupanda tangu 1950. Kuna watakaosema ni juu ya parkingi. Hapana. Wageni njo waliojaza nyumba zile, na kati yao kuna watu wetu. Sheria iliwapunguzia kizuizi kimoja tu mlangoni.

Kwa hiyo, kama muna ndugu kule West Side anayetafuta mahali pa kufungua butike, amwulize mwenye jengo juu ya kodi, paa, na bei ya kupasha moto wakati wa baridi. Kanuni za afya na za moto bado zinamngojea. Ya nafasi kumi za magari, meri hatamwuliza tena.