Gesi za Majokofu: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi gesi za kale za majokofu, zilizosifiwa miaka mingi kwa kuwa haziwaki wala hazina sumu, zilivyobainika kuwa zinaila tabaka ya ozoni, hata mataifa yakapatana Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Mrithi wao, R134a, haiidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja hunasa joto, kwa kipindi cha miaka 100, kupita kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 uliamua kwamba nayo na jamaa zake zipunguzwe.

Jawabu lilikwisha kupatikana zamani, tena mahali pasipotazamiwa: Scharfenstein, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, ambako kiwanda cha majokofu kilikuwa karibu kufungwa. Mwaka 1992 Greenpeace ilikiagiza majokofu kumi ya kutumia mchanganyiko wa propani na butani, uliokwisha kujaribiwa na wataalamu wa Dortmund, nazo ni gesi za ukoo ule ule wa mtungi wa jikoni. Makampuni makubwa yakapiga kelele kwamba huko ni kutia bomu majumbani mwa watu. Mwaka uliofuata, bila ya haya, yakaonyesha ya kwao.

Khofu ile haikuwa bure, ila haikupimwa. Jokofu la nyumbani la siku hizi hutumia isobutani, yaani R600a, aghalabu gramu 30 hadi 80, ilhali mtungi wa kilo 6 ulio kando ya meko ungetosha kujaza majokofu yasiyopungua sabini.

Panapohitaji hadhari ni mikononi mwa fundi. Kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea mrija, na aisome karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa: akiona R600a na pembetatu ya manjano yenye mwali, aitoe gesi yote kwanza, milango na madirisha yakiwa wazi, maadamu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Wala asiitie katika jokofu lililoundwa kwa R134a, ambalo swichi zake hutoa cheche bila ya kinga.

Kwa friza za maduka hupendelewa propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali isobutani huchemka kwenye 12 tu. Maghala makubwa ya samaki yana amonia, na habari yake ni ndefu. Tutaianza katika sehemu ya tatu.