Fahamu: Deni la anoreksia kwenye mifupa ya msichana wa chuo

Watu huichukulia anoreksia kama tamaa ya wembamba iliyopitiliza. Ni ugonjwa wa akili, na unaua: uchambuzi wa tafiti 36 uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta vifo takriban 5 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka, na mmoja kati ya kila watano waliokufa alijiua. Anayepona naye anaweza kubaki na deni, hasa mifupani. Msichana wa miaka 19 bado anaweka akiba ya mifupa, akiba inayofika kileleni katika miaka ya ishirini. Akijinyima chakula, homoni ya kike ya estrojeni hushuka, hedhi hukatika, homoni ya msongo ya kotisoli hupanda, na mfupa humomonyoka katika miaka ileile ambayo ungejengeka.

Wapo wanaosema akirudi kula yote yatakaa sawa. Mengi hurudi kweli, yakiwemo mapigo ya moyo, joto la mwili na hedhi yenyewe. Mfupa huweza kurudi nusunusu tu, na hatari ya kuvunjika ikadumu miaka mingi. Wengine hutegemea vidonge vya uzazi wa mpango ili kurudisha hedhi. Damu itatoka kila mwezi, lakini vidonge hivyo havilindi mifupa ya mgonjwa huyu. Vibaya zaidi, huficha dalili ambayo ingewashtua walio karibu naye. Kinachosaidia hasa ni kurudisha uzito, pamoja na tiba ya akili. Ndiyo maana hedhi ikikosekana miezi mitatu, aende kwa daktari sasa, asisubiri mitihani iishe.