Hoteli ya Ufukweni: Kwanza Iulize Bahari (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia majira: kaskazi inayovuma tangu Desemba hadi Machi, kusi inayoingia Aprili, masika, vuli, na namna ya kufika Pangani na vitongoji vyake. Leo tumefika mlangoni. Mwezi wa safari unaujua, unachotafuta sasa ni mahali pa kulala. Kuanzia Raskazone mjini Tanga hadi Saadani, na ng'ambo huko Unguja na Pemba, hoteli za ufukweni ni nyingi, na kila moja ina picha za kupendeza. Uchague ipi?

Swali hili niliulizwa na mpwa wangu alipokuwa akijiandaa kuoa. Alikuja nyumbani baada ya magharibi, akaweka simu yake mezani.

"Mjomba, nataka fungate yetu iwe ufukweni. Nimebakiza hoteli tatu: moja Ushongo, moja Nungwi, moja pwani ya mashariki ya Unguja. Bei zinakaribiana. Nisaidie kuchagua."

Nikazipitia picha moja baada ya nyingine. Katika zote tatu maji ya samawati yamefika kwenye ngazi za baraza. Nikamuuliza, "Picha hizi zilipigwa saa ngapi, na mwezi ulikuwa wa ngapi?"

"Mjomba, hoteli na tarehe za mwezi wapi na wapi?"

Nilipomjibu tulikaa hadi saa tano usiku, na niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika leo. Hoteli ya ufukweni huchaguliwa kwa bahari iliyo mbele yake, kabla ya kitanda kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo sitataja hoteli kwa majina. Meneja huhama, mwenye mali huuza, na mpishi hodari huchukuliwa na jirani. Saa ya maji, mteremko wa ufuo na kisima cha mahali vitamkuta kila mgeni, wa mwaka huu na wa mwaka ujao.

SAA YA MAJI

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Ndiyo maana maji ya leo huchelewa kuliko ya jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, nasi hupata maji mafu: tofauti hushuka hadi karibu mita 1, bahari haiendi mbali wala haisogei sana.

Wavuvi wa mwambao huu hawahitaji kitabu kwa jambo hili. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa saa nne, hukupwa saa kumi. Kwa hiyo mgeni anayefika tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, za mwezi mwandamo, atakapomaliza chai ya asubuhi ataikuta bahari imekwenda zake. Akivumilia hadi alasiri itamrudia yenyewe.

Sasa rudi kwenye picha za hoteli. Mpiga picha husubiri maji yajae, na hilo si kosa lake. Kosa ni letu tunaodhani kwamba saa moja aliyoichagua yeye ndiyo siku nzima.

MTEREMKO WA UFUO

Saa ya maji ni moja kwa pwani yote hii, lakini athari yake si moja, kwa sababu fuo hazilingani mteremko. Chukua siku ambayo maji yanashuka mita 3. Ufuo unaoteremka mita 1 kwa kila mita 10 utaiona bahari ikirudi nyuma mita 30, yaani mwendo mfupi tu. Ufuo unaoteremka mita 1 kwa kila mita 100 utaiona ikirudi mita 300. Bei ya chumba inaweza kuwa ileile, ila mmoja ataogelea kutwa na mwingine atavaa viatu na kwenda kuitafuta bahari.

Nami elimu hii niliilipia. Miaka mingi iliyopita niliwachukua shemeji zangu waliotoka bara, hawajawahi kuiona bahari, nikawapeleka kwenye hoteli moja niliyoipenda kwa picha. Tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Asubuhi watoto walikimbia na mataulo mabegani, wakasimama ukingoni. Mbele yao palikuwa na uwanda wa majani ya bahari na mawe, mashua zimelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi mbali kwenye mwamba. Mdogo wao akauliza, "Bahari imekauka?" Hakuna aliyekuwa ametuambia kuhusu maji, nami sikuwa nimeuliza.

Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini ya Unguja, ufuo una kina cha karibu, na mtu huogelea karibu saa zote. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, mwamba wa matumbawe uko mbali na kati yake na nchi kavu kuna maji mafupi. Bamvua likikupwa, uwanda wote hubaki wazi. Tanga mjini, ghuba ni tulivu na imezungukwa na mikoko, na sehemu nyingi chini ni tope. Raskazone pana ukingo wa mawe ya matumbawe, na watu huoga maji yakiwa yamejaa. Ushongo, kusini ya mdomo wa Mto Pangani, ni ufuo mrefu wa mchanga. Maji yakikupwa huondoka, lakini yanakuachia mchanga mgumu wa kutembea pekupeku.

Nisieleweke kwamba ufuo tambarare ni mbaya. Maji yakikupwa ndipo pwani inapoanza kazi. Wanawake hushuka kwenye mashamba ya mwani, wengine huchokoa pweza mwambani, watoto huokota kome. Kama unataka kumwonyesha mwanao watu wa pwani wanavyoishi, hapo ndipo pa kulala. Anayetaka kuogelea asubuhi, adhuhuri na jioni atafute ufuo wenye kina. Kila mmoja ajue anachokifuata.

Anayelala karibu na mdomo wa Pangani akumbuke pia kwamba mto huo unatoka Kilimanjaro na Meru, na wakati wa masika huiletea bahari udongo wa njia nzima. Maji ya kahawia si lazima yawe machafu, ila usitegemee kuona samaki ndani yake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, hivyo mara nyingi upande wa kusini wa mto husafika mapema.

MCHANGA UNAHAMA

Kutoka Ushongo au Pangani watalii hupelekwa kwa mashua hadi Maziwe. Nilikwenda huko siku ya bamvua, asubuhi, na nahodha mmoja aliyenizidi umri kwa mbali. Nilimwamkia, "Shikamoo, nahodha," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na baada ya hapo hakusema neno hadi tulipokanyaga mchanga. Tulisimama juu ya kigongo cheupe kisicho na hata jani moja.

"Hapa palikuwa na mivinje," akasema, akinyoosha pondo kuelekea mahali penye maji ya magotini. "Tulikuwa tunalala chini yake, tunakausha samaki. Ukiwa pwani unakiona kisiwa, cheusi kwa miti."

Maziwe ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na ilikuwa miongoni mwa mahali muhimu pa kutagia kasa katika Afrika Mashariki. Miti ilipotoweka, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Bado hupanda kutaga palepale, na mayai yao huhamishiwa ufuo wa Ushongo ili yasizame. Tulipoondoka maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, na nyayo zetu za kwanza hazikuonekana tena.

Anayechagua hoteli anapaswa kulikumbuka fungu lile. Ufuo ni mchanga unaosafiri: kusi huusukuma huku, kaskazi huurudisha kule, na mizizi ya mivinje, mikoko na majani ya pwani huuzuia usiende moja kwa moja. Hoteli iliyokata majani yote ili chumba kione bahari, ikajenga kwenye ukingo kabisa, hulazimika baadaye kujenga ukuta. Wimbi likipiga ukuta halina pa kulala, hurudi na nguvu zake na kuuchota mchanga ulio chini yake. Miaka michache baadaye ukuta umebaki, ufuo umekwenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuyadhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka baharini. Mgeni akiona chumba kinasifiwa kwa kuwa hatua tano tu kutoka majini, ajue kinachosifiwa ni tatizo.

KISIMA NA TAA

Pwani, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi. Kisima kikivutwa kwa kiasi huendelea kutoa maji baridi. Kikivutwa kupita kiasi, kwa bwawa la kuogelea na bustani ya majani mabichi wakati wa kiangazi, chumvi hupanda, na haipandi kwenye kisima cha hoteli peke yake. Hupanda pia kwenye kisima cha kijiji jirani. Kwa hiyo unapouliza kama maji ya kuogea yana chumvi, unauliza habari za ngozi yako na habari za majirani pia. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kimeonyesha njia nyingine. Vibanda vyake saba vya wageni hukinga maji ya mvua kwenye mapaa na kuyahifadhi chini ya sakafu, na matumbawe yake yamehifadhiwa kisheria tangu 1994.

Jambo la taa wengi hawalifikirii. Mtoto wa kasa akitoka yaini, baada ya kama miezi miwili mchangani, hufuata upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu asili usiku bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Taa kali za baraza humgeuza kichwa akaelekea jikoni, na asubuhi hukutwa amekufa kwa jua au ameliwa na kunguru. Ushongo, na Madete ndani ya Hifadhi ya Saadani, jambo hili lina uzito. Hoteli inayozima au kufunika taa za upande wa bahari ina mtu anayefikiri, na mtu huyo huyo ndiye atakayekumbuka kukubadilishia chandarua kilichotoboka.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kulipa, piga simu uulize haya. Siku nitakazokuwepo maji yanajaa saa ngapi, na yakikupwa yanaondoka hatua ngapi? Chini ni mchanga, tope au mawe? Maji ya kuogea yanatoka wapi, na umeme ukikatika mnatumia nini? Chumba kinafunguka upande wa bahari na upande wa nyuma? Kusi na kaskazi zote huingia kwetu kutoka baharini, na paa la makuti halisaidii kitu kama upepo hauna pa kutokea.

Uliza pia habari ya chakula. Nungwi ukitoka nje ya lango kuna pa kula kwa kila mfuko. Ushongo mahali pa kula nje ya hoteli ni pachache, hivyo bei ya chumba peke yake haikuambii gharama ya siku. Uliza bei ya mkazi, na kama hoteli iko ndani ya hifadhi uliza kiingilio kinalipwa na nani.

Swali la mwisho usilionee haya: wanakijiji wanapita wapi kushuka baharini? Hoteli iliyofunga njia ya wavuvi itakupa utulivu, lakini utakuwa umeununua kwa riziki ya mtu mwingine.

Mpwa wangu aliyaandika maswali yote na kuzipigia hoteli tatu. Ya kwanza kupigiwa ilimjibu kwamba bahari yao ni nzuri siku zote. Ya pili iliahidi kumpigia. Ya tatu aliyepokea simu alimuuliza, "Harusi lini, baba? Ngoja nitazame mwezi." Akamwambia watafika siku za bamvua: saa nne asubuhi Maziwe itakuwa juu ya maji, wapelekwe na mashua, saa kumi jioni bahari itakuwa mbele ya baraza, waoge hadi magharibi. Fungate ilifanyika huko, Ushongo, na mambo yalikwenda kwa saa zilezile alizotajiwa.

Wiki ijayo, Inshallah, tutavuka: namna ya kuchagua chombo cha kwenda Unguja na Pemba kutoka pwani ya Tanga, na siku ya kukubali kubaki nchi kavu.